Neno Lililofuata Salama

Matambarale, Ruangwa
Jumatano, 5 Machi 2025

Fundi Harithi,

"Gari lilitoka gereji likiwa salama, kama fundi alivyothibitisha kwa maandishi. Kwa hiyo ajali ya tarehe 11 Februari imesababishwa na uzembe wa dereva na si kitu kingine."

Hayo ni maneno ya Bwana Agapiti na wenzake wawili wa kamati ya uchunguzi, ukurasa wa pili wa taarifa yao. Uongo wake hauko kwenye neno "uzembe". Uko kwenye "kwa hiyo". Mtu anayeandika "kwa hiyo" anadai amepanda ngazi hatua kwa hatua mpaka juu. Hawa hawakupanda kitu. Hakuna hata mmoja wao aliyeinama kutazama chini ya gari. Wamekaa ofisini, wakasoma karatasi, wakamhukumu mtu aliyelala hospitalini.

Mtu huyo ni Kaimu Masoudi, mdogo wangu wa tumbo moja. Ameendesha gari la wagonjwa la umoja wa vijiji vyetu kwa miaka saba. Masika yakija hushuka akaingia korongoni kwa miguu na fimbo mkononi, apime maji kabla ya kupitisha gari. Wenzake humcheka, humwita Bwana Harusi kwa mwendo wake. Huyo ndiye leo mzembe.

Nitakwambia nilichoambiwa na Sista Dionisia, muuguzi aliyekuwa nyuma pamoja na mgonjwa. Ilikuwa mchana, mvua imekatika. Walitoka Nambilanje na Mwamina, binti wa Bi Hajra, uchungu umempata tangu asubuhi na mtoto amekaa vibaya. Waliposhuka mteremko wa mwisho kabla ya kalavati, Dionisia alimsikia Kaimu akisema, "Haigeuki. Sista, haigeuki, shikilia!" Hakusema imeteleza. Hakusema breki. Gari likapiga ukingo wa kalavati. Mwamina alifia pale pale na mtoto akiwa tumboni, wakazikwa kaburi moja. Kaimu mguu wa kulia ulisagika, na mpaka leo amelazwa huko kwenu Nachingwea.

Sasa nakuja kwako. Tarehe 27 Januari mimi na Kaimu tulikuletea gari hilo kwa sababu usukani ulikuwa unacheza. Ulikuwa ukiugeuza kiganja kizima kabla magurudumu hayajasikia. Tarehe 30 nikalifuata mwenyewe, kama katibu wa kamati ya gari. Ukanipa karatasi. Niliisoma mbele ya wajumbe kesho yake kwa sauti, na katika muhtasari nikaandika: "Fundi amethibitisha: salama." Karatasi yenyewe iliozea kwenye tope ndani ya gari, lakini muhtasari upo, na ndio huo Agapiti anaoutumia kumnyongea mdogo wangu.

Basi mambo ni mawili. Ama gari lilikuwa salama na Kaimu ni muuaji, ama halikuwa salama na wewe ni mwongo. Mimi nimeshachagua.

Tarehe 12 Aprili kamati inakaa kwa mara ya mwisho. Taarifa ikipita, inakwenda polisi. Usinipigie simu. Maneno ya simu hayana sahihi. Andika, umpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi.

Sikusalimii.

Mwl. Faudhia Masoudi


Nachingwea
10 Machi 2025

Mwalimu Faudhia,

Asalaam aleikum. Barua nimeipata. Sisi huku wazima wa afya, ila mama mkwe wangu tulimzika Jumanne. Poleni sana na msiba wa Mwamina. Kaimu naenda kumwona kila baada ya futari. Anazungumza kidogo.

Mwalimu, mimi si mtu wa maneno, na wewe nakujua tangu ile siku ulipokuja hapa gereji ukasema wanawake wa Nambilanje wanazaa juu ya matela ya trekta wakati mimi nakunywa chai. Wale vijana wangu mpaka leo wakichelewa kazi wanaambiana, "Acha chai, mwalimu anakuja." Kwa hiyo sitabishana nawe. Nakuomba kitu kimoja tu. Kabla hujaninyonga, nenda ukaitazame gari. Nasikia imeburutwa mpaka uwanja wa ofisi ya kijiji. Kabla hawajaikata chuma chakavu, nenda.

Fanya hivi. Mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva, gari imezimwa. Ageuze usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, upana wa kiganja, asizidishe. Wewe lala chini. Usitazame, shika. Macho yanadanganywa na matope. Anza juu, chuma kinachoshuka kutoka kwenye usukani, ushike kiungo chake. Halafu boksi la usukani, lile lililofungwa kwenye fremu. Halafu mkono unaotoka chini ya boksi. Halafu ile fimbo ndefu inayokwenda gurudumu la kulia. Kila kiungo kiwekee kiganja. Mwendo ukiingia upande mmoja na ukatoka upande wa pili saa ileile, hicho kizima. Ukiingia na ukachelewa kutoka, ugonjwa upo hapo.

Mwisho wa fimbo, kwenye gurudumu, pana kitu tunaita kichwa cha tairodi. Ni kama nyonga ya mtu: kichwa cha mviringo kinakaa ndani ya kikombe. Wameniambia kimechomoka. Kamati inasema kilichomoka kwa sababu ya kupiga kalavati. Sawa. Kisafishe kwa dizeli na kitambaa, uniambie kina umbo gani. Kama ni duara na kina jeraha jipya, kamati imesema kweli. Kama kimekula upande mmoja na upande huo unang'aa, basi kilikuwa kinasagika kwa miezi. Chuma hakipati mng'ao wa kusuguliwa kwa siku moja.

Na kitu kimoja tena. Huyo aliye juu ageuze usukani kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia, polepole. Uniambie katikati pakoje.

Kuhusu ile karatasi, tutaongea.

Ni mimi, Fundi Harithi


Matambarale
17 Machi 2025

Fundi Harithi,

"Wazima wa afya, ila mama mkwe tulimzika." Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita na bado ugonjwa huu wetu unanikera. Nyumba inaungua, mtu anauliza habari, tunajibu nzuri. Mzima yupi, fundi, kwenye nyumba yenye kaburi bichi? Pole kwa msiba. Lakini ungeanza na msiba.

Nimekwenda. Sista Dionisia alikaa kwenye usukani na nyuzi nane alizoshonwa kwenye paji la uso siku ya ajali, mimi nikatandika kanga na kulala chini ya gari. Watu walikuja kutazama. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu amegongwa?" Mwingine akamjibu, "Hapana, anasoma." Dionisia alicheka, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu siku ile hajakaa kwenye gari hili. Nikamwambia ashuke. Akasema, "Sishuki. Wewe shika, mimi nageuza."

Nilishika. Kiungo cha juu: kizima, mwendo unapita kama unavyosema. Boksi: mwendo unaingia na mkono wa chini unaitika saa ileile. Fimbo inakwenda na kurudi, gurudumu limelala kimya, maana hakuna tena kinachovishikamanisha. Katikati ya usukani, Dionisia anasema panakuwa pazito. Pembeni unakwenda kwa kidole, ukifika katikati unakaza kama kitasa chenye kutu, kisha unaachia. Sijui unataka nini na habari hiyo.

Nikachukua dizeli na kitambaa nikasafisha kichwa cha tairodi. Mpira unaokifunika ulikuwa umechanika zamani, michaniko yake imekauka na kuwa migumu, na ndani yake lilijaa vumbi jekundu lililoganda na grisi kama ugali wa juzi. Vumbi, fundi. Mvua zilianza Desemba. Vumbi hilo ni la kiangazi.

Na kichwa si duara. Kimekuwa yai. Upande mmoja kimelika, na hapo kinang'aa kama kijiko. Nilipitisha kidole mara tatu. Hakuna jeraha jipya hata moja. Dionisia naye alishika. Tumekifunga kwenye kitambaa, kipo kabatini kwangu, na tumeandika hati, tumetia sahihi mimi na yeye na mwenyekiti wa kijiji.

Kwa hiyo (na mimi "kwa hiyo" yangu nimeipanda kwa mgongo, chini ya gari, matopeni) Kaimu hakuua mtu. Chuma kilichokuwa kimelika kwa miezi kilitoka kwenye kikombe chake mteremkoni. Angekuwa malaika asingegeuza gurudumu.

Lakini chuma hicho kilipita mikononi mwako Januari. Kama mimi, mwalimu wa lugha, nimekitambua kwa kidole, wewe fundi wa miaka thelathini ulikuwa na nini mkononi? Chai?

Nitayasema haya tarehe 12, na jina lako nitalitaja. Jitetee sasa au nyamaza.

F. Masoudi


Hospitalini, Nachingwea
21 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo sijambo, naendelea vizuri, ila mguu wameukata juzi Jumatano. Juu kidogo ya goti. Daktari anasema kidonda ni kisafi. Usimwambie mama kwanza, nitamwambia mwenyewe.

Fundi Harithi anakuja kila siku na uji. Amenieleza kwamba unamwandikia. Amenisomea barua yako ya kichwa cha tairodi. Nilifurahi kujua. Nilikuwa nalala nikijiuliza kama niliugeuza usukani kwa kuchelewa. Maana Dada, gari ilivyotoka gereji ilikuwa imekaza. Ule mchezo ulikwisha kabisa, nikasema imepona. Ndiyo maana nilikubali kushuka nayo Nambilanje.

Sasa nakuomba. Achana na fundi. Na ile karatasi usimuombe. Mimi sina hasira na mtu yeyote. Nikifukuzwa nitafukuzwa, hata hivyo kwa mguu mmoja siendeshi tena. Polisi nao wakija nitawaambia nilivyoona. Yaishe, Dada. Mara hii tu, usishinde.

Mdogo wako,
Kaimu


Matambarale
24 Machi 2025

Fundi Harithi,

Mdogo wangu amekatwa mguu, na anaandika kwamba anaendelea vizuri, ila. Kisha ananikataza nisikuombe karatasi. Nimeisoma barua yake nikiwa nimesimama, na sikukaa mpaka nilipomaliza kuandika hii.

Umemfanya nini? Umempa uji mpaka akakuonea huruma? Najua aina yenu. Mnakwenda kwa mgonjwa na kikombe mkononi, mnaondoka na msamaha mfukoni. Kaimu ni mpole, tangu utoto akipigwa anamuuliza aliyempiga kama mkono umemuuma. Mimi si mpole.

Unaandika vyeti vyako kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni. Nilikiona juu ya meza yako. Nakala ya tarehe 30 Januari ipo. Uliandika "salama" kwa mkono wako na hukuthubutu kuniambia unaificha kwa nini. Nitakwambia mimi: kwa sababu neno hilo moja ndilo litakalokupeleka wewe mahali wanapotaka kumpeleka Kaimu.

Jumatatu iliyopita Bi Hajra alikuja nyumbani. Unajua Kiswahili chake ni kifupi, mazungumzo yake ni Kimwera. Alikaa mlangoni, akaniuliza kwa Kiswahili, ili nisipate pa kukimbilia: "Mwalimu. Mwamina ameuawa na nini?" Nataka kumpa jibu.

Leta nakala. Ukishindwa kuileta, nitakuja na mjumbe wa kamati kuichukua.

F. Masoudi


Nachingwea
2 Aprili 2025

Mwalimu Faudhia,

Idd njema iliyopita. Nimengoja sikukuu iishe. Sikutaka uisome barua hii siku ya Idd.

Nakala ni hii hapa, nimeibana kwa pini. Lakini kwanza nisome mimi, kisha uisome yenyewe.

Ile tarehe 27 nilipolala chini ya gari nilikuta kichwa cha tairodi kimekula. Uliniuliza nilikuwa na nini mkononi. Nilikuwa nacho hichohicho. Kipya sikuwa nacho, Nachingwea nzima hakikuwepo, nilikiagiza Dar na nikaambiwa wiki mbili. Nikataka gari ilale hapa. Tarehe 30 ukaja. Ulisimama mlangoni, wateja wote wanasikia, ukasema gari ya wagonjwa siyo ya kulala, na kwamba kila siku inayolala mimi nachagua mama gani afe. Wewe maneno yako yana ncha.

Nikafanya kosa langu. Juu ya boksi la usukani pana skrubu ndogo. Ukiikaza, usukani unaacha kucheza. Lakini hautibu kitu kama ugonjwa uko kwenye kichwa cha tairodi. Ni kama kumpa mtu dawa ya maumivu akatembelea mfupa uliovunjika. Nilijua hivyo na nikaikaza, nikajisemea angalau iwe nyepesi kushika wakati tunangoja kipya. Ulipoandika kwamba katikati panakuwa pazito, ule ni mkono wangu. Nilikutuma ukautafute kwa sababu nilishindwa kukuambia. Kaimu aliona usukani umekaza akadhani gari imepona. Kama ningeacha ucheze, angeogopa, na kwa kuogopa angekataa ule mteremko. Hilo ni langu mpaka nakufa.

Kosa la pili nalo langu. Nilipoandika cheti niliandika kama tunavyoandika wote. Ulisema ugonjwa huu wa kujibu "nzuri" unakukera. Na mimi ninao. Sikuweza kuanza na ubaya, na wewe umesimama juu ya kichwa changu. Nikaanza na adabu.

Sasa soma nakala. Sahihi ya chini ni yako.

Kaimu alikuwepo siku ile unasoma mbele ya wajumbe. Anasema karatasi alikuwa ameiona garini, akataka kunyoosha mkono uisome mpaka mwisho, akaona watu wanapiga makofi. Tangu hapo hajawahi kulisema kwa mtu. Alinikataza mimi nisikuoneshe. Alisema, "Dada akijua, hataandika tena." Nimemvunjia neno lake. Nimeona tarehe 12 utasimama na kunitaja, na Agapiti ataniuliza karatasi, na utaiona mara ya kwanza mbele za watu. Hilo sikutaka likupate.

Fanya unavyoona. Ukinitaja, sitakana.

Fundi Harithi

*Nakala ya kaboni, Na. 0417, 30/1/2025:*

*Gari ya wagonjwa, Landkruza. Tatizo: usukani kucheza. Hali: Salama, ila kichwa cha tairodi cha kulia kimekula sana. Itembee kwenye lami tu, Ruangwa na Nanganga. Isiende Nambilanje mpaka kipya kifungwe.*

*Imepokelewa na kusomwa: F. Masoudi, Katibu.*


Matambarale
8 Aprili 2025

Fundi,

Siku sita nimeshindwa kuandika. Kaimu alijua.

Nimeitafuta kumbukumbu ya siku ile. Naikumbuka vizuri sana, ndilo jambo baya. Niliinua karatasi juu nikasema, "Fundi ameandika hapa: salama!" Watu wakashangilia. Sikumbuki kusoma zaidi. Nadhani macho yangu yalipita. Miaka ishirini na sita ninawafundisha watoto kwamba sentensi haiishi mpaka nukta.

Sina la kukukaripia. Nimekwenda kwa Bi Hajra jana asubuhi. Nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kupepeta ufuta wake. Nilikaa. Baada ya muda alinisogezea ungo wa pili, nikapepeta na mimi, mpaka adhuhuri. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Umbebe Kaimu tarehe 12, umlete. Nakuomba.

Na asalaam aleikum. Nilikunyima mara ya kwanza.

Faudhia


Matambarale, Ruangwa
12 Aprili 2025

Kwa Bwana Agapiti na wajumbe wenzake wawili wa kamati ya uchunguzi,
Nakala kwa Bi Hajra, kwa Fundi Harithi, na kwa Kaimu Masoudi
Naisoma kwa sauti mbele ya kikao

Mabwana,

"Fundi amethibitisha: salama."

Sentensi hiyo mmeijengea taarifa nzima. Leo naipinga kwa nguvu zangu zote, na najua mwandishi wake kuliko ninyi, kwa sababu ni mimi. Ipo kwenye muhtasari wa tarehe 31 Januari kwa mwandiko wangu. Ni uongo. Fundi hakuthibitisha hivyo. Aliandika maneno ishirini baada ya "salama", na maneno hayo yalisema gari lisiende Nambilanje. Niliyatilia sahihi kwamba nimeyasoma. Sikuyasoma.

Hapo nyuma niliwashutumu kwa barua na kwa mdomo kwamba mlihukumu mkiwa ofisini bila kuinama chini ya gari. Shutuma hiyo siiondoi. Lakini mliamini karatasi yangu, na mlikuwa na haki ya kuniamini. Nilikuwa katibu wa kamati ya gari.

Mtaniuliza kwa nini sikusoma. Nitawajibu bila kujitetea. Nilikuwa nimekwenda Nachingwea kushinda, nikashinda. Nilimwaibisha fundi mbele ya wateja wake mpaka akatoa gari ambalo alitaka lilale. Nilisema gari likilala mama atakufa, na jambo hilo lilikuwa kweli, kwa sababu Nambilanje wakati wa mvua ni mbali na kila kitu. Sikujiuliza kama gari likitembea pia mama atakufa. Nilikuwa na hoja moja, na hoja moja ikiwa nzuri mno humfanya mtu asisikie ya pili. Neno "salama" lilikuwa ndilo nililokuja kulichukua. Nilipoliona, nililibeba nikaondoka nalo, yaliyobaki nikayaacha mezani.

Mimi huwacheka watu wanaojibu "nzuri" na nyumba inaungua. Mdogo wangu aliniandikia kwamba anaendelea vizuri, ila wamemkata mguu, na hata hapo nilikasirika badala ya kusikia. Sisi sote hapa, Wamwera, Wamakonde, Wayao, waliosoma na wasiosoma, tunatanguliza salama kwa adabu, na jambo lenyewe tunaliweka baada ya "ila". Kila mtu kijijini anajua asikilize nini. Bibi yangu asiyejua kusoma angengoja "ila". Mimi niliyesoma sikungoja.

Fundi Harithi ana lake. Alikaza skrubu aliyojua haitibu. Ameliandika mwenyewe na barua yake nimeiambatisha, bila yeye kuniomba niifiche. Hatukulificha na hamtalifanya kubwa kuliko langu.

Kaimu hana lake. Alipewa gari lililokaza mkononi, akaambiwa na kamati ni salama, akaitwa na mgonjwa anayekufa. Akaenda. Alinyamaza hospitalini wiki nane mkimwita mzembe, kwa sababu kusema kungemgusa dada yake. Sikustahili ukimya huo, na sasa naurudisha hadharani.

Sasa nawaambia ninachotaka kwenu, na sitaki mjadala wa jioni moja halafu chai.

Sista Dionisia, wewe unashika daftari la gari jipya litakapokuja. Chukua rula na kalamu nyekundu, futa safu ya "Hali ya gari" yote. Andika pale: "Kibaya ni nini?" Dereva asiye na kibaya aache wazi. Neno "salama" lisiandikwe na mtu yeyote katika daftari hilo, hata kwa adabu, hata kwa haraka.

Wajumbe wa kamati ya gari, mchagueni katibu mwingine leo hii, kabla hamjakaa. Na yeyote mtakayemchagua, mumsimamishe asome karatasi mpaka kwenye sahihi, kisha mmwombe airudie.

Nanyi, Bwana Agapiti na wenzako wawili. Juu ya meza mbele yenu nimeweka kitambaa. Ndani yake mna kichwa cha tairodi cha gari letu. Kifungueni. Msikitazame, kishikeni, kila mmoja kwa mkono wake, pitisheni kidole pale kinapong'aa. Bi Hajra amekaa mstari wa kwanza, anawaangalia. Mkishamaliza, fungueni ukurasa wa pili wa taarifa yenu, futeni maneno "uzembe wa dereva", na mbele ya mama huyo mwandike kwa herufi zinazosomeka jina la aliyelipeleka gari Nambilanje: Faudhia Masoudi. Andikeni sasa, nikiwa nimesimama hapa.

Faudhia Masoudi